Jiwe Lililogonga Jembe Lako

   Safari hii hatuzungumzii mbegu, wala dawa, wala bei. Tunazungumzia jiwe.

Bila shaka unashangaa. Unasema, "Jiwe nalo la kuzungumziwa? Jiwe ni adui wa jembe, basi." Ni kweli. Mkulima wa Mtua anapotayarisha shamba kabla ya mvua, jembe likilia "kwaa!", yeye huinama, huliokota lile jiwe, akalitupa mpakani na kuendelea na kazi yake. Leo tunakuomba usilitupe kwanza. Lishike mkononi, ulitazame. Jiwe hilo ni mama wa udongo wako. Mwamba hupasuliwa na jua la mchana na baridi ya usiku, maji ya mvua huingia katika nyufa, mizizi hupanua nyufa hizo, na baada ya maelfu ya miaka mwamba huwa kokoto, kokoto huwa mchanga na udongo. Mtoto hurithi kwa mama. Udongo nao hurithi kwa mwamba.

Mkulima asiyejua mwamba wa shamba lake anaweza kupata hasara tatu. Hasara ya kwanza ni kuchimba kisima mahali pasipo na maji, akapoteza nguvu za msimu mzima. Ya pili ni kupanda mikorosho mahali ambapo mwamba uko karibu. Mche huota vizuri mwaka wa kwanza na wa pili, halafu mizizi hugonga mwamba na mti hudumaa. Ya tatu, anatokea mtu mwenye maneno matamu, anamwonyesha vitu vinavyong'aa ndani ya jiwe, na mkulima anaacha palizi akafuata utajiri usiokuwapo, au anauza shamba kwa bei ya kutupa. Hasara hizi zote zinaweza kupunguzwa kwa kulijua jiwe. Haya, tuanze.

Familia tatu za miamba

Miamba yote duniani, iwe ya Ulaya au ya Ruangwa, ina familia tatu. Kuna miamba ya moto, miamba ya mashapo, na miamba iliyogeuzwa.

Familia ya kwanza ni miamba ya moto. Chini kabisa ya ardhi kuna joto kali mno, na mahali pengine mawe huyeyuka yakawa kama uji mzito. Uji huo ukipanda na kupoa, huganda ukawa mwamba. Kama umepanda mpaka juu na kutoka nje kama volkeno, hupoa upesi na chembe zake huwa ndogo sana, hata jicho halizioni. Ndivyo ilivyo miamba mingi myeusi ya Kilimanjaro na ya Rungwe kule Mbeya. Lakini kama uji huo umebaki chini na kupoa polepole, chembe hupata nafasi ya kukua. Ndipo tunapopata itale, ambalo wengine huliita granaiti. Yale mawe makubwa ya mviringo yanayopandana pale Mwanza ni itale.

Ukitaka kuelewa jambo hili, mfikirie mtu wa pwani anayetengeneza chumvi. Maji ya bahari yakikauka polepole, chumvi hutoka na chembe kubwa. Yakikaushwa haraka juu ya moto, hutoka chumvi laini. Mwamba nao ni hivyo hivyo: ukiona chembe kubwa, ujue uliganda bila haraka.

Familia ya pili ni miamba ya mashapo. Hii hutokana na vitu vilivyochukuliwa na maji au upepo vikatua mahali, tabaka juu ya tabaka. Jaribio lake unaweza kulifanya leo nyumbani. Chukua chupa nyeupe yenye mdomo mpana, jaza udongo wa shamba lako mpaka theluthi moja, ongeza maji, funga na utikise kwa nguvu. Kisha iweke chini, usiiguse mpaka kesho. Utaona mchanga umetua chini kabisa, juu yake vumbi laini, na juu zaidi udongo wa mfinyanzi. Umetengeneza tabaka. Sasa fikiria tabaka kama hizo baharini au ziwani, zikigandamizwa na uzito wa tabaka nyingine kwa mamilioni ya miaka, na chokaa ikiingia kati ya chembe kama saruji. Mchanga huwa mwamba wa mchanga, matope huwa mwamba wa matope, na magamba na matumbawe ya baharini huwa mawe ya chokaa.

Familia ya tatu ni miamba iliyogeuzwa. Hii ilikuwa miamba mingine hapo mwanzo, ama ya moto ama ya mashapo, lakini ilizamishwa chini sana ikapikwa na kukandamizwa bila kuyeyuka. Mfinyanzi anaelewa jambo hili kuliko mtu yeyote. Udongo mbichi ukiutia maji hulainika. Ukiuchoma ukawa chungu, hata uuloweke mwaka mzima hautarudi kuwa udongo. Moto umeugeuza. Vivyo hivyo, jiwe la chokaa likipikwa ardhini huwa marumaru. Mwamba wa mchanga hugeuka jiwe gumu sana la kwazi. Matope hugeuka mwamba wa magamba magamba uitwao shisti. Na itale likikandamizwa huwa naisi, yaani jiwe lenye mistari myeupe na myeusi.

Safari kutoka Lindi mpaka Nachingwea

Ndugu mkulima, sisi wa kusini tuna bahati. Ukipanda gari Lindi mjini ukaja bara kwa njia ya Mnazi Mmoja, Mtama na Nanganga, unapita juu ya familia mbili kati ya hizo tatu kwa safari moja.

Pale pwani unaanza na mawe ya matumbawe na ya chokaa. Ukiendelea unaingia katika nchi ya miamba ya mashapo: miamba ya mchanga na ya matope iliyotua zamani wakati bahari na mito mikubwa ilipofunika sehemu hizi. Nyanda za juu za Rondo na za Makonde ni za familia hii. Ushahidi wake ni mkubwa. Kule Tendaguru, kaskazini magharibi ya Lindi, ndani ya miamba ya mashapo yenye umri wa miaka kama milioni 150, ilipatikana mifupa ya wanyama wakubwa wa kale, dinosaria. Kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati wa utawala wa Wajerumani, mamia ya watu wa sehemu hizi waliichimba chini ya usimamizi wa watu kama Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa kwa vichwa na mabega mpaka bandari ya Lindi. Mnyama mmoja kati ya hao amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, na urefu wake kwenda juu unapita mita 13.

Kwa nini mifupa hiyo ilipatikana Tendaguru? Kwa sababu mifupa hufukiwa na matope na mchanga ikahifadhiwa humo. Katika jiwe lililoganda kutoka moto wa ardhini, kama itale, hutaikuta. Kwa hiyo ukiona jiwe lina gamba la konokono au alama ya jani ndani yake, jibu umelipata: hilo ni la mashapo.

Ukiendelea bara zaidi, upande wa Nachingwea, Ruangwa na Masasi, nchi inabadilika. Unaona uwanda, na katikati yake vilima vya mawe vinavyosimama peke yake, kama vile vya Masasi. Hapa umeingia katika miamba iliyogeuzwa. Ni mkanda mrefu sana wa miamba uliotoka Msumbiji kwenda kaskazini, ukapita Tanzania na Kenya. Miamba hiyo ilipikwa ardhini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mabara yalipogongana na kusukumana. Sehemu ya juu imekwisha kuliwa na mvua na upepo, na leo tunalima juu ya kile kilichokuwa chini kabisa. Mawe yake ni naisi, shisti, marumaru, na yale meupe magumu ya kwazi.

Namna ya kulitambua jiwe

Huhitaji mashine. Unahitaji nyundo, msumari wa chuma, kipande cha kioo, ndimu, na macho yako. Fuata hatua hizi.

Kwanza, livunje. Usilihukumu jiwe kwa ngozi yake, maana nje limechujuka kwa jua na mvua. Lifunike kwa kitambaa kizito kabla ya kuligonga ili vipande visikurukie machoni, na watoto wakae mbali. Tazama sehemu mpya iliyovunjika.

Pili, tazama chembe zimepangwaje. Kama chembe zimeshikana kwa kuingiliana, nyeupe, nyeusi na za rangi ya waridi, bila mpango wowote, hilo ni la moto, kama itale. Kama chembe ni za mchanga uliogandishwa, na ukisugua kwa kidole zinapukutika, hilo ni la mashapo. Kama kuna mistari myeupe na myeusi inayofuatana kama kitenge, hiyo ni naisi. Kama linabanduka magamba magamba yanayong'aa, hiyo ni shisti.

Tatu, pima ugumu. Kwaruza kwa ukucha. Kama ukucha unaacha alama, ni kitu laini, kama jasi au kinywe. Kama ukucha umeshindwa lakini msumari umeweza kwa urahisi, huenda ni marumaru au jiwe la chokaa. Kama msumari nao umeshindwa, na jiwe lenyewe linakwaruza kioo, hiyo ni kwazi au jamaa yake.

Nne, tumia ndimu. Saga kidogo kipande cha jiwe mpaka kiwe unga, kamulia ndimu au siki. Kikitoa mapovu, kina chokaa. Marumaru nyingine hutoa mapovu machache tu, kwa hiyo weka sikio karibu usikilize. Usitumie maji ya betri ya gari, yatakuunguza.

Tano, lisugue kwenye karatasi. Kama linaacha alama ya kijivu kama penseli na vidole vinakuwa kama vimepakwa grisi, hicho ni kinywe. Wilaya ya Ruangwa inajulikana kwa madini hayo. Kinywe kilianza kama mabaki ya viumbe katika matope ya bahari ya kale. Matope yalipopikwa ardhini, mabaki hayo yakawa kinywe. Penseli ya mtoto wako shuleni imetengenezwa kwa kinywe, na siku hizi kinatumika pia katika betri.

Kazi ya elimu hii shambani

Sasa basi, tumelijua jiwe. Litatufaa nini?

Tuanze na udongo. Mwamba wa mchanga wa nyanda za Makonde na Rondo hutoa udongo wa kichanga, mwekundu, wenye kina kirefu. Mkorosho unaupenda, kwa sababu mizizi yake hushuka bila kizuizi na maji hayatuami. Lakini udongo huo hauna akiba kubwa ya chakula cha mimea, na mvua hukiosha upesi. Ukipanda mahindi humo mwaka hadi mwaka bila samadi wala mbaazi wala mabaki ya mazao, utavuna mabua. Naisi nyeupe yenye kwazi nyingi hutoa mchanga juu na mara nyingi udongo mzito chini. Naisi nyeusi, yenye madini ya giza mengi, hutoa udongo mwekundu mzito wenye nguvu zaidi. Mwamba wa marumaru hutoa udongo usio mchachu. Na palipojaa mawe meupe ya kwazi, udongo ni haba, kwani kwazi haiozi kwa urahisi. Hapo usipoteze mbegu bora.

Historia ya kwetu inatufundisha. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga kwa matrekta pale Kongwa, kisha Urambo na hapa Nachingwea. Kule Kongwa udongo ulikuwa na mchanga mkali wa kwazi ambao ulikula majembe ya matrekta, na kiangazi uligeuka mgumu kama saruji, hata kung'oa karanga ikawa taabu. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango uliachwa baada ya kumeza mamilioni ya paundi. Zilikuwapo sababu nyingine pia, kama mvua haba na haraka ya wakubwa. Lakini udongo haukuchunguzwa vya kutosha kabla ya kazi kuanza. Kama matajiri wale waliumia hivyo, sisi wenye ekari tatu tutaponea wapi?

Kwa hiyo, kabla ya kupanda mikorosho mipya, chimba shimo la majaribio la kina cha mita moja na nusu. Ukifika chini bila kugonga mwamba wala tabaka gumu, panda. Ukigonga mwamba mapema, sehemu hiyo iachie mazao yenye mizizi mifupi, na mikorosho itafutie mahali pengine.

Tuje kwenye kisima. Katika nchi ya naisi, mwamba mzima hauna maji ndani yake. Maji hukaa katika mwamba uliooza ulio juu ya mwamba mzima, na katika nyufa. Kwa hiyo mgongo wa kilima chenye mwamba wazi si mahali pa kisima. Tafuta bondeni au chini ya mteremko, ambapo mwamba uliooza ni mnene. Chimba mwisho wa kiangazi, maji yakiwa yameshuka. Ukiyapata wakati huo, kisima kina matumaini ya kudumu. Kiwe mbali na choo, angalau mita 30, na kiwe upande wa juu wa choo. Katika nyanda za mwamba wa mchanga mambo ni tofauti. Huko maji huzama mbali sana, na ndiyo sababu watu wa nyanda za Makonde walishuka mabondeni vizazi na vizazi kufuata maji. Huko ni afadhali kuvuna maji ya mvua kwenye paa la bati.

Na nyumbani? Jiwe la kunolea panga liwe la mchanga laini. Jiwe la kusagia liwe gumu lisilopukutika, la sivyo utakula mchanga na ugali. Mawe ya msingi wa nyumba yawe naisi nzima, wala si ile iliyooza. Na mafiga usiyaokote mtoni yakiwa yamelowa ukayatia motoni siku hiyo hiyo. Maji yaliyo ndani hugeuka mvuke, na jiwe linaweza kupasuka na kuwaumiza wapishi.

Vitu vinavyong'aa

Mwisho, tuseme wazi juu ya vitu vinavyong'aa, maana hapa ndipo wengi wanapopotea.

Katika naisi na shisti za kwetu kuna ulanga mwingi. Ulanga wa rangi ya dhahabu humeremeta juani, hata mtu mzima akashtuka. Uuweke juu ya jiwe bapa, ugonge kwa nyundo. Dhahabu hupondeka ikawa bapa, haivunjiki. Ulanga hubanduka magamba mepesi ambayo ukiyapuliza yanaruka. Na kile kinachoitwa dhahabu ya wajinga hupasuka kikawa unga mweusi. Jaribio hilo la dakika moja linaweza kukuokolea msimu mzima.

Hatusemi kwamba hakuna madini. Yapo. Namungo, wilayani Ruangwa, wachimbaji wadogo wamechimba dhahabu. Ntaka, wilayani Nachingwea, imegunduliwa nikeli. Lakini kuwapo kwa madini wilayani si kuwapo kwa madini katika shamba lako. Ukidhani umepata kitu, fanya hivi. Usitangaze kilabuni. Peleka kipande kwa ofisi ya madini ya mkoa, au Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini yenye makao yake makuu Dodoma. Kumbuka kwamba kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010 madini ni mali ya Jamhuri, na hakuna ruhusa ya kuchimba bila leseni. Leseni ndogo ya uchimbaji hupewa Watanzania peke yao. Na tangu mwaka 2019 yapo masoko rasmi ya madini, kwa hiyo huna haja ya kumwuzia mtu gizani. Vile vile, mwenye leseni anapaswa kuelewana nawe na kukulipa fidia ya ardhi na mimea yako. Asikutishe kwa karatasi usiyoielewa. Mwambie akuachie nakala, uende nayo kwa serikali ya kijiji ikasomwe mbele ya watu. Wala usichimbe shimo refu peke yako katika mchanga. Kuta zake huporomoka bila taarifa.

Ndugu mkulima, tukumbushane. Familia za miamba ni tatu: ya moto, ya mashapo, na iliyogeuzwa. Vunja jiwe, tazama chembe, kwaruza, kamulia ndimu, sugua kwenye karatasi. Chimba shimo kabla ya kupanda mikorosho. Tafuta maji bondeni. Na king'aacho kigonge nyundo kwanza.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Okota mawe matatu kutoka pembe tatu za shamba lako, yajaribu pamoja na watoto, na udongo wa kila pembe utie katika chupa yake. Kisha mwulize bwana shamba wako juu ya yale uliyoyaona. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe jembe limekwisha kukuinamisha. Usiinuke mikono mitupu.